Nebula za Kisayari: Mwongozo wa Kuzitazama na Kuzipiga Picha kutoka Shinyanga na Geita

Shinyanga mjini ipo karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, na Geita ipo chini ya digrii 3. Kwa mtazamaji wa nyota, nafasi hiyo ni utajiri. Mkazi wa London hawezi kuiona Nebula ya Pete ya Kusini, kwa sababu kwake haichomozi kabisa. Mkazi wa Cape Town huiona Nebula ya Pete ya kaskazini ikiwa chini, imefifishwa na hewa nzito ya karibu na upeo wa macho. Wewe uliye Kishapu, Kahama, Bukombe au Nyang'hwale unaziona zote mbili, kila moja ikipanda zaidi ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitafuta nebula za kisayari kama hizo, kuzitambua na kuzipiga picha kwa vifaa ambavyo mwalimu, mwanafunzi au fundi wa mgodini anaweza kuvipata kwa kuchangiana na wenzake.

Ni kitu gani hasa

Nebula ya kisayari haina uhusiano na sayari. Jina lilitokana na William Herschel, aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Miaka michache baadaye aliona katika darubini yake viduara hafifu vilivyofanana na sayari hiyo, akaviita hivyo, na jina likabaki.

Kwa kweli ni gesi iliyotoka kwa nyota inayokufa. Nyota yenye ukubwa unaokaribiana na Jua, au mara kadhaa zaidi, inapoishiwa na haidrojeni katikati yake huvimba, kisha humwaga matabaka yake ya nje angani. Kiini kinachobaki ni kidogo na cha moto sana, na joto la uso wake huweza kupita digrii 100,000. Mionzi ya urujuanimno kutoka kiini hicho huifanya gesi ing'ae. Gesi husambaa kwa kasi ya kilomita 20 hadi 30 kwa sekunde, na baada ya miaka makumi ya maelfu hutawanyika isionekane tena. Kiini hupoa polepole na kuwa kibete cheupe. Jua letu nalo litaanza safari hiyo baada ya takriban miaka bilioni 5.

Jambo hili linawahusu watu wa Shinyanga kwa namna ya pekee. Almasi za Mwadui, ambako John Williamson aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940, ni kaboni. Nyota zinazoishia kuwa nebula za kisayari ni miongoni mwa viwanda vikuu vya kaboni katika ulimwengu: huipika ndani yake, kisha huimwaga pamoja na gesi. Dhahabu ya Geita ina asili nyingine. Sehemu yake kubwa inatokana na matukio makali zaidi, kama kugongana kwa nyota za nyutroni, tukio ambalo wanasayansi walilishuhudia kwa mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 2017.

Chagua majira na usiku wake

Msimu wako ni kiangazi, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Katika miezi hiyo mawingu ni machache na hewa ni kavu. Adui ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, hasa kuanzia Julai. Upepo wa mchana ukitulia, vumbi hushuka, kwa hiyo mara nyingi anga la baada ya saa 4 usiku ni safi kuliko la saa 2. Katikati ya msimu wa mvua, Januari na Februari, huwa na siku za ukavu zinazofaa pia.

Fuata kalenda ya mwezi. Mwanga wa mbalamwezi huifuta nebula hafifu kabisa, hivyo panga kazi yako ndani ya juma moja kabla au baada ya mwezi kuandama. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanaijua kalenda hii vizuri, maana taa zao huvuta dagaa wakati wa giza. Ukiwa upande wa Nkome au Chato, kumbuka kwamba usiku ulio mzuri kwako ndio usiku ambao ziwa limejaa taa. Hapo tafuta vitu vilivyo kusini na utosini, na ulipe ziwa mgongo.

Jua huzama Shinyanga karibu saa 1 jioni, kwa kuwa tuko magharibi mwa mstari unaopanga saa za Afrika Mashariki. Giza kamili huingia karibu saa 2 usiku.

Chagua mahali, na toa taarifa

Mgodi mkubwa wa Geita hufanya kazi usiku na mchana, na mwanga wake huinuka juu ya mji. Miji ya Kahama na Shinyanga nayo imepata taa nyingi za barabarani. Si lazima uende mbali sana. Kilomita 15 hadi 20 nje ya mji, penye kilima au miti inayokinga mwanga wa moja kwa moja, zinatosha kwa nebula zote zilizotajwa humu. Uwanda wa mbuga, kando ya ngitili au juu ya mawe makubwa ya granaiti ni mahali pazuri, kwa kuwa upeo wa macho ni mpana.

Kabla ya kwenda, zingatia haya:

1. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Sungusungu walianzia huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado wapo vijiji vingi. Mgeni aliyesimama porini usiku na bomba refu lililoelekezwa angani atahojiwa, na ni haki yao. Waalike waje watazame. Amkia wazee kwanza, na wao ndio wawe wa kwanza kuweka jicho kwenye lenzi.
2. Usikaribie uzio wa mgodi wowote, na usiweke kambi mahali palipochimbwa na wachimbaji wadogo. Maduara yaliyoachwa wazi hayaonekani gizani.
3. Fika kabla ya jua kuzama, kagua ardhi, na uamue njia ya kutokea. Vaa viatu vigumu kwa ajili ya nyoka, na usiende peke yako. Fisi wapo.
4. Ukisafiri kwa bodaboda, funga darubini kwa blanketi na uibebe mgongoni badala ya kuifunga kwenye keria. Mtikisiko wa barabara ya vumbi huhamisha vioo, na utahitaji kuviweka sawa tena kabla ya kuanza.

Vifaa vya kutazamia

Hakuna nebula ya kisayari inayoonekana kwa macho matupu. Darubini ya macho mawili ya 10x50 itakuonyesha mbili au tatu zilizo kubwa. Darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 hadi 150 itakuonyesha karibu zote zilizomo katika mwongozo huu. Ukiwa na milimita 200 utaanza kuona umbo la ndani.

Ongeza vitu vitatu visivyo na gharama kubwa. Cha kwanza ni tochi iliyofunikwa kwa nailoni nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza. Cha pili ni lenzi mbili za jicho, moja ya ukuzaji mdogo wa kutafutia na nyingine ya ukuzaji mkubwa wa kuchunguzia. Cha tatu ni programu ya ramani ya anga kama Stellarium, ambayo hufanya kazi hata mahali pasipo mtandao. Punguza mwanga wa simu hadi mwisho na uweke rangi nyekundu.

Kifaa cha nne kina gharama, lakini katika nebula hizi kinalipa kuliko vyote: kichujio cha oksijeni, kinachouzwa kwa alama ya OIII. Tarehe 29 Agosti 1864, William Huggins aliuchambua mwanga wa nebula ya kisayari kwa mara ya kwanza. Badala ya rangi zote za upinde wa mvua alikuta mistari michache tu ya kijani. Kwa miongo kadhaa wataalamu walidhani ni elementi mpya, hadi Ira Bowen alipoonyesha mwaka 1927 kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Mstari wake mkuu upo kwenye nanomita 500.7. Kichujio hupitisha mwanga huo na kuzuia karibu mwingine wote, zikiwemo taa za mji na mgodi. Nyota hufifia, nebula hubaki.

Namna ya kutazama

Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kuangalia taa yoyote. Kisha tafuta kwa ukuzaji mdogo. Nebula nyingi ndogo zinafanana na nyota ambayo haijakaa vizuri kwenye fokasi. Ukishaitilia shaka mojawapo, pitisha kichujio mbele ya lenzi na kukiondoa mara kadhaa: nyota za jirani zitafifia kila kinapopita, na nebula haitafifia nazo. Ukishahakikisha, panda hadi ukuzaji wa mara 80, 120 au zaidi. Nebula ndogo hustahimili ukuzaji mkubwa.

Usiikazie macho moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni kidogo, nayo itaonekana vizuri zaidi, kwa kuwa pembe za jicho zinahisi mwanga hafifu kuliko katikati. Rangi nyekundu unazoziona kwenye picha hutaziona kwa jicho. Utaona kijivu, na kwa zile zenye mng'ao mkali, kijani cha samawati.

Ramani nyingi zimechorwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Ukiitazama Vega ukiwa Shinyanga, uso wako umeelekea kaskazini na ramani inabidi uigeuze juu chini.

Orodha ya mwaka

*Mei na Juni, mwanzo wa usiku.* Anza na NGC 3242, iitwayo Mzimu wa Mshtarii. Ipo karibu digrii 2 kusini mwa nyota Mu ya kundinyota la Hydra, karibu na utosini, na kiduara chake cha samawati huonekana hata katika darubini ndogo. Kisha geukia kusini, kwenye Vela, upate NGC 3132, Nebula ya Pete ya Kusini. Ndiyo iliyokuwa miongoni mwa picha za kwanza za darubini ya James Webb mwezi Julai 2022. Katikati yake utaona nyota moja. Iliyomwaga gesi ni mwenzake hafifu aliye karibu naye, anayefunikwa na mng'ao huo. Chini zaidi kusini, katika Centaurus, ipo NGC 3918, ndogo na ya samawati iliyokolea, iliyogunduliwa na John Herschel mwaka 1834 akiwa Rasi ya Tumaini Jema.

*Julai na Agosti.* Kundinyota la Nge limetanda juu kusini. Shika nyota Shaula kwenye mwiba wa mkia wake, kisha sogea digrii 4 magharibi, yaani kulia kwako ukielekea kusini. Hapo ipo NGC 6302, Nebula ya Kipepeo. Katika darubini ya kawaida ni mstari mfupi wenye ncha mbili.

*Agosti na Septemba.* Huu ndio wakati wa nebula mbili maarufu kuliko zote. M57, Nebula ya Pete, ipo Lyra katikati ya nyota mbili zilizo juu ya Vega kwa mtazamaji wa hapa. Mwanzoni mwa Agosti hufika kileleni karibu saa 5 usiku, mwanzoni mwa Septemba karibu saa 3. Ni ndogo, takriban sehemu moja ya 20 ya upana wa mwezi mpevu, na kwa ukuzaji wa mara 80 tundu la katikati huonekana wazi. M27, Nebula ya Dambeli, hufika kileleni saa moja baadaye. Kutoka Altair shuka kuelekea kaskazini hadi kwenye nyota chache zilizopangika kama mshale, kisha kutoka kwenye ncha yake shuka digrii 3 zaidi. Charles Messier aliigundua tarehe 12 Julai 1764, ikawa nebula ya kisayari ya kwanza kujulikana. Upana wake ni karibu robo ya mwezi mpevu, na umbo lake linafanana na tofaa lililoumwa pande mbili.

*Septemba na Oktoba.* NGC 7009, Nebula ya Zohali, ipo digrii 1 na kidogo magharibi mwa nyota Nu ya kundinyota la Ndoo. William Herschel aliiona mwezi Septemba 1782. Baada yake tafuta kubwa kuliko zote, NGC 7293, iitwayo Helix. Kutoka nyota angavu Fomalhaut, ukielekea kusini, panda juu kulia kiasi cha ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, maana ngumi hiyo hupima karibu digrii 10. Helix ipo umbali wa takriban miaka ya nuru 650 tu, na upana wake unapita nusu ya mwezi mpevu. Mwanga wake umetawanyika, kwa hiyo inataka giza kamili, ukuzaji mdogo na kichujio. Wanaoikosa wengi wao wamekuza kupita kiasi.

*Januari na Februari, mvua ikikatika.* Tafuta kundi la nyota M46 katika Puppis. Mbele yake ipo NGC 2438, kiduara kidogo cha kijivu kati ya mamia ya nyota.

Kupiga picha: tatizo la stendi

Hapa ndipo mafunzo mengi ya nchi za nje yanapomwacha mkono mtu wa Shinyanga. Stendi za kitaalamu za kufuata nyota hutakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya anga. Nyota ya Kaskazini kwetu ipo chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini imeinuka chini ya digrii 4 tu, na haina nyota angavu ya kuitambulisha. Isitoshe, stendi nyingi haziwezi kulazwa hadi digrii 4. Uzito wake wa kusawazishia hugonga mguu. Kabla ya kununua, muulize muuzaji stendi inashuka hadi digrii ngapi.

Kwa anayeanza, stendi yenye mota inayosogea juu-chini na kushoto-kulia ni rahisi zaidi. Kasoro yake ni kwamba picha huzunguka taratibu ndani ya fremu. Karibu na ikweta mzunguko huo ni mdogo sana kitu kinapokuwa mashariki au magharibi, na ni mkubwa kinapovuka kaskazini au kusini. Kwa hiyo piga Helix na Zohali zikiwa bado zinapanda mashariki au zinashuka magharibi, na tumia picha fupi za sekunde 10 hadi 20. Programu itazinyoosha baadaye.

Bila mota kabisa bado kazi inawezekana. Gawanya 300 kwa urefu wa fokasi wa lenzi yako. Jibu ni sekunde unazoweza kuacha kamera wazi kabla nyota hazijawa mistari. Kwa lenzi ya milimita 200 ni sekunde moja na nusu. Picha mia kadhaa za namna hiyo zitatoa M27 inayotambulika.

Hatua za kazi

1. Weka fokasi kwa nyota angavu. Ikuze kwenye kioo cha kamera na ugeuze taratibu hadi iwe ndogo kabisa. Rudia kila saa moja, kwa sababu usiku unavyopoa fokasi huhama.
2. Weka kamera kwenye RAW na ISO 1600. Ukitumia simu, ifunge kwa kishikio kwenye lenzi ya jicho na utumie mpangilio wa mkono. M57 na NGC 3242 zinapatikana.
3. Piga picha nyingi. Haba na haba hujaza kibaba: chenga za picha 100 zilizounganishwa hushuka hadi sehemu moja ya 10 ya chenga za picha moja. Lenga jumla ya saa moja kwa M27 na saa mbili au zaidi kwa Helix.
4. Kabla ya kufungasha, funika lenzi na upige picha 20 za giza kwa muda na ISO ileile. Kisha, bila kugusa fokasi, piga nyingine 20 za anga jeupe la alfajiri zikiwa na mwanga wa wastani. Hizi huondoa alama za vumbi, na kiangazi cha kwetu hakikosi vumbi.
5. Unganisha kwa DeepSkyStacker au Siril, ambazo ni za bure. Kisha inua mwanga hafifu hatua kwa hatua, na uache kabla anga halijawa na mabaka.

Ukiwa jirani na mgodi, tumia kichujio cha kamera kinachopitisha mistari miwili, wa oksijeni na ule mwekundu wa haidrojeni kwenye nanomita 656.3. Taa za LED hutoa rangi zote, hivyo vichujio vya zamani vilivyokusudiwa taa za njano haviwezi kuzizuia. Vichujio vya mistari miwili bado vinaweza, na nebula za kisayari hutoa mwanga wao mwingi katika mistari hiyohiyo.

Umeme upange mapema. Betri ya sola ya volti 12 inaendesha mota na kamera usiku kucha. Lenzi ikishika vumbi, lipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mpira. Ukifuta kwa kanga au shati, chembe za mchanga zitaikwaruza.

Andika, na washirikishe wengine

Weka daftari. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya moshi na upepo, kifaa, ukuzaji, na mchoro wa ulichokiona. Baada ya kiangazi kimoja daftari hilo litakuambia ni wapi na saa ngapi anga la wilaya yako ni safi, taarifa ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Tanzania ina watu wa kuungana nao. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewafundisha wananchi elimu ya anga kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikusanyika Rujewa, Mbeya, kushuhudia Jua likipatwa na kubaki pete. Hamu ya kujua ipo. Kinachohitajika ni shule za Shinyanga na Geita kuwa na darubini moja ya pamoja, mwalimu mmoja anayejua kuitumia, na ruhusa ya wazazi kwa usiku mmoja kila mwezi wakati wa giza.

Kama wewe ni mwalimu wa fizikia au kemia, anza na M57 mwezi Agosti. Mwanafunzi aliyesoma ubaoni kuhusu kaboni na oksijeni ana haki ya kuona, angalau mara moja, nyota inayozimwaga.